Papai Lenye Doa

Tuelewane kabla sijaanza: nchi ninayoisimulia siyo hii. Ni nyingine, iko mbali, na sitaitaja jina kwa sababu nina watoto wanaosoma. Ukikuta humu kitu kinachofanana na cha kwenu, tatizo ni macho yako, nenda kapimwe.

Katika nchi hiyo palikuwa na mpiga picha mmoja, Kibwana Mtengeti, mtu mpole, mwenye tabia ya kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Alifanya kazi miaka ishirini na saba katika kiwanda cha uchapaji cha serikali, akastaafu, na kiinua mgongo chote akakimalizia kwenye kamera. Si ya kupigia picha za pasipoti, msije mkaidharau. Ilikuwa kamera ya kidijitali ya maana, ya kampuni kubwa ya ng'ambo, nzito kama jogoo wa kienyeji, na lenzi zake tatu zilikaa kwenye mkoba wenye sponji. Mkewe, Bi Tabu, alipoiona mara ya kwanza aliizunguka mara mbili, kisha akauliza kama inapika.

Kwa ajili ya kamera hiyo Kibwana akateuliwa kuwa Mpiga Picha wa Uso. Majirani walikuja kumpa hongera kwa sauti za msibani, na wengine walimletea sukari.

Hapo lazima nieleze. Nchi ile inaongozwa na Mlezi Mkuu, na Mlezi Mkuu hatazamwi. Akipita, watu huangalia viatu vyao. Mawaziri wakila naye huangalia sahani. Si kwa woga, la hasha, ni mapenzi tu yanayowalemea shingo. Mtu mmoja pekee ndiye aliyeruhusiwa kumtazama, naye ni Mpiga Picha wa Uso, tena kupitia kwenye tundu la kamera, jicho la pili likiwa limefumbwa. Raia wengine wote, kuanzia makamu wake hadi muuza karanga, wanamjua Mlezi wao kwa picha ya gazetini.

Sasa picha yenye kazi kubwa namna hiyo haiwezi kuachwa ipigwe ovyo. Kuna Idara ya Uso wa Taifa, ina ghorofa nne na lifti inayopanda tu. Idara hiyo humbandikia mpiga picha kiunzi cha plastiki nyuma ya kamera, chenye duara la umbo la yai, na uso wa Mlezi Mkuu lazima uenee ndani ya yai hilo, usipungue wala usizidi, picha zote, mwaka mzima. Aliyemtangulia Kibwana aliusogeza uso vidole viwili kushoto ili bendera nayo ionekane. Akapelekwa masomoni. Huu ni mwaka wa sita na hajatuma hata salamu. Kamera yenyewe hupigwa lakiri na Idara, hakuna kutumia nyingine, na mtandao wake hauzimwi usiku na mchana ili picha ziende Idarani zenyewe. Na kuugusa uso ule kwa kompyuta, kuupunguzia kivuli au kuufuta jasho, ni sawa na kumzaba Mlezi Mkuu kofi mbele ya watu.

Kibwana aliyajua yote hayo kwa moyo. Ndiyo maana siku ya uzinduzi wa bomba la maji la kata ya nane, alipofika nyumbani akafungua picha kwenye kompyuta na kuona doa jeusi kwenye shavu la kushoto la Mlezi Mkuu, aliruka kutoka kitini papo hapo.

Akafuta kioo cha kompyuta kwa shati. Doa lipo. Akafungua picha ya pili, ya tatu, ya arobaini. Lipo, pale pale, ukubwa wa punje ya mtama. Akatoka uani akapiga picha ukuta mweupe wa jirani: doa likakaa vilevile kwenye ukuta wa jirani. Hapo akaelewa. Uso wa Mlezi hauna kitu. Kile kigae cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga ndicho kilichokufa mahali padogo, na kwa kuwa uso umeamriwa kukaa mahali pamoja milele, ufu huo utaangukia shavuni milele. Angeruhusiwa kusogea kidole kimoja tu, doa lingeangukia kwenye pazia na hakuna ambaye angejali.

"Mama Siwema," alimwita mkewe. "Picha zimeshakwenda Idarani."

Bi Tabu akainama akatazama. Akakaa chini polepole.

"Doa hilo ni lake au ni la mashine?"

"La mashine."

"Basi waambie ni la mashine."

"Nikiwaambia ni la mashine nimekiri kwamba lipo."

Bi Tabu akainuka. Akaenda kumkunjia nguo mbili za kubadilisha, mswaki na kanzu ya kulalia, akaviweka karibu na mlango.

Asubuhi saa nne Kibwana akaitwa Idarani kushuhudia ukaguzi, kama kawaida. Wakaguzi ni watatu. Mkurugenzi, Bwana Ngwatura, ni mtu mnene anayezungumza kana kwamba kila neno linapigiwa muhuri. Bi Zawena ndiye mpima uso, na hutembea na rula. Wa tatu ni Afande Chikomo wa usalama, ambaye kazi yake ni kuwepo. Picha ikawekwa mezani. Bi Zawena akapima paji, akapima kidevu, rula ikafika kwenye shavu la kushoto ikasimama. Bi Zawena akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akamtazama Afande. Afande akatazama dari.

"Unaonaje, Bi Zawena?" akauliza Mkurugenzi.

"Naona kama unavyoona wewe, Mkurugenzi."

"Mimi naona picha imetoka kamili. Hakuna kilichopungua."

"Wala kilichozidi," akasema Afande Chikomo, kisha akajuta, maana hakuna aliyekuwa ametaja kuzidi.

Kibwana, aliyesimama karibu na mlango, akaanza kuangalia viatu vyake. Mkurugenzi Ngwatura akachukua muhuri, akaupulizia, akagonga. Kwa sheria za pale, kitu kilichogongwa muhuri kimeshakuwa kweli, na doa likawa kweli saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Jioni ile Kibwana akajifungia bafuni, akafungulia bomba ili kupoteza sauti, akapiga simu huduma kwa wateja ya kampuni ya kamera. Ofisi yao iko nchi jirani. Muziki ukapigwa, kisha binti mmoja akapokea kwa sauti ya asali.

"Asante kwa kutupigia. Unaongea na Jenerosa, nikusaidie nini leo?"

"Dada, kamera yangu inaweka doa."

"Pole sana kwa usumbufu, baba. Doa linatokea kwenye kitu gani?"

Kibwana akatazama mlango wa bafu. "Kwenye kitu chochote. Pale pale kila mara."

"Sawa, baba. Tutahitaji picha ya mfano na maelezo yako kwa maandishi, ili tufungue lalamiko."

Lalamiko, tena kwa maandishi. Katika nchi ile mtu huweza kunusurika na kimojawapo, lakini viwili pamoja bado havijapata aliyenusurika. Kibwana akakata simu bila kuaga.

Bi Tabu ndiye aliyepata ufumbuzi. Kwani lazima utume uso? akauliza. Tuma tunda. Akalileta papai kubwa lililokuwa jikoni, ukubwa wa kichwa cha mtu mzima, akalikalisha kwenye kigoda, nyuma akatundika shuka. Kibwana akalipanga ndani ya yai la kiunzi, na kwa mazoea, kabla ya kupiga, akaliinamia. Kisha akaandika barua pepe: Ndugu wahusika, papai hili ni zima, lakini kwenye picha linaonekana lina doa jeusi shavuni. Naomba msaada wa haraka. Akaituma. Ilipokwishakwenda ndipo alipoisoma tena, akaona alichoandika. Papai halina shavu.

Hakulala, nami nisingelala.

Lakini ebu tazama mambo. Gazeti lilitoka na picha ile ukurasa wa kwanza, na siku ya pili yake Waziri wa Mifugo akaonekana bungeni na doa la wanja kwenye shavu la kushoto. Mchana wake alikuwa nalo Waziri wa Barabara. Kufikia Ijumaa baraza zima lilikuwa limepakwa, na mmoja aliyekuwa safarini alikatisha ziara akarudi kupakwa. Redio ya taifa ikaita kitu kile Alama. Profesa mmoja akaeleza kwamba Alama hutokea kwa viongozi wenye kubeba mzigo wa wananchi, na kwamba kisayansi mzigo huo hutokea kushoto. Saluni zikajaa foleni. Wakunga wakaanza kuchungulia mashavu ya vichanga kabla ya kuangalia kitu kingine. Mwenye Alama kubwa kuliko ya Mlezi alihesabiwa amejikweza, mwenye ndogo amedharau, kwa hiyo Bi Zawena alizunguka wizarani na rula yake na alikuwa na shughuli nyingi. Inasemekana hata Ikulu vioo vitatu vya kujitazamia vilibadilishwa wiki ile kwa kutoonyesha vizuri.

Kibwana akapewa cheti na doti ya khanga kwa ajili ya mkewe. Mkurugenzi alimshika mkono akamwambia, "Bwana Mtengeti, jicho lako limeona kile ambacho taifa lilikuwa halijakiona." Kibwana akasema ahsante, akaenda chooni akatapika. Zamani aliogopa wasije wakaliona doa. Sasa wameliona na kulipenda, na ni yeye na mkewe tu katika watu milioni thelathini waliojua kwamba limetoka kwenye mashine.

Wiki ya tatu simu ikalia.

"Baba Mtengeti, ni Jenerosa. Nina habari njema. Wataalamu wetu wamelichunguza lile papai na wamethibitisha kasoro. Tutaiondoa bila gharama yoyote, kamera yako bado iko kwenye waranti."

"Dada," akasema Kibwana, "liacheni."

"Samahani, baba?"

"Hilo doa. Liacheni lilivyo. Nakuomba kama mwanangu."

"Baba, kampuni yetu haimwachi mteja na tatizo."

"Nimeshalizoea."

"Wateja wetu wengi husema hivyo kwa upole tu," akasema Jenerosa kwa huruma. "Usiwe na wasiwasi. Kesho saa tatu asubuhi kamera itajirekebisha yenyewe kwa njia ya mtandao. Wewe usifanye lolote."

Mtandao, kama nilivyosema, kuuzima ni kosa. Betri haikutoka, kifuniko chake kilikuwa na lakiri ya Idara. Asubuhi ile Kibwana na mkewe wakaivika kamera blanketi mbili, wakaitia kwenye sufuria la kupikia pilau ya arusi, wakafunika, Bi Tabu akakaa juu ya mfuniko. Wakangoja wameshikana mikono. Saa tatu na dakika nne sufuria likalia tililili. Walipofunua, kioo cha kamera kilikuwa kimeandika kwa maandishi ya kijani: Hongera. Kifaa chako sasa hakina kasoro.

Akajaribu kila hila anayoijua. Alidondoshea wanja kwenye lenzi, lakini kitu kilicho juu ya lenzi hakitoi doa, hutoa ukungu tu, na Mlezi Mkuu mwenye ukungu ni kosa jingine kabisa. Alisema anaumwa. Idara ikamletea daktari, daktari akampima na kumkuta anaogopa tu, akaandika kwamba anafaa kwa kazi.

Siku ya ufunguzi wa daraja la waenda kwa miguu akafumba jicho moja, akautazama uso ule kupitia kwenye tundu. Ulikuwa uso wa mzee wa kawaida, umechoka, una mba kidogo kwenye nyusi, mashavu yote mawili matupu. Akabonyeza. Picha ikaenda Idarani kabla hajafumbua jicho la pili.

Kesho yake gazeti halikutoka, kwa sababu za kiufundi. Saa nane mchana Kibwana akakalishwa kwenye kiti cha chuma ghorofa ya nne, mbele ya walewale watatu, kila mmoja na Alama yake ya wanja. Joto lilikuwa kali na ya Mkurugenzi ilikuwa imeanza kumchuruzika kuelekea kwenye kola. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Umemfuta," akasema Mkurugenzi Ngwatura kwa sauti ndogo. Nayo ilitisha kuliko kama angefoka.

"Sijafuta kitu, mheshimiwa."

Afande Chikomo akafungua faili. Picha ya papai ilikuwemo, iliyojipeleka Idarani yenyewe, na barua pepe ya Kibwana, imepigiwa mstari mwekundu. Walikuwa nayo tangu siku alipoituma, ila walikuwa hawajaelewa papai ni nani.

"Papai ni nani?"

"Papai ni papai, afande."

"Lina shavu?"

Kibwana akaisoma upya sentensi ile iliyopigiwa mstari.

"Liko wapi sasa hilo papai?"

"Tulilila, afande. Mimi na mama watoto. Na ndimu."

Afande akaandika, akilitamka kila neno taratibu: "Walimla. Na ndimu." Bi Zawena akajifunika mdomo kwa rula.

"Sikiliza," akasema Mkurugenzi, "kesho ni kikao cha mabalozi. Picha itapigwa. Alama iwepo. Mpigie huyo aliyeiondoa, airudishe sasa hivi, tukisikia sote."

Simu ikawekwa mezani, sauti ikafunguliwa chumba kizima. Muziki ukapiga wee, watu wazima wanne wakiusikiliza kama hukumu, mpaka Jenerosa akapokea.

"Binti," akasema Mkurugenzi, "naongea kwa niaba ya serikali. Rudisheni kile mlichokiondoa."

"Pole kwa usumbufu, baba. Mnaomba turudishe kasoro?"

Neno kasoro lilikuwa limetamkwa kuhusu shavu lile, ndani ya ofisi ya serikali, na wote wanne walikuwa wamelisikia.

"Si kasoro," akasema Mkurugenzi haraka. "Futa hilo neno."

"Kwa bahati mbaya kampuni yetu hairudishi kasoro, baba. Lakini naona Bwana Mtengeti hakuwahi kuthibitisha kama ameridhika. Baba Mtengeti, upo? Nielezee kwa maneno yako mwenyewe, tatizo lilikuwa nini, ili nifunge lalamiko."

Mkurugenzi akamtolea Kibwana macho. Afande akatikisa kichwa, usithubutu. Na Kibwana, ambaye kwa wiki nne hakuwa amelala wala kushiba, ambaye alikuwa amesema samahani maisha yake yote, akaona sauti ile ya asali ndiyo ya kwanza iliyomwuliza kitu kwa kutaka kujua jibu. Akainamia simu. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Uso haukuwa na kitu, mwanangu," akasema. "Haujawahi kuwa na kitu. Kamera yangu ilikuwa mbovu, na hawa waliona siku ya kwanza kwamba kuna doa, wakaogopa kusema, wakagonga muhuri. Sasa nchi nzima imejipaka ubovu wa kamera yangu. Basi."

Akangoja kupigwa. Hakuna mkono ulioinuka.

"Asante sana, baba, nimekuelewa," akasema Jenerosa, na vidole vyake vikasikika vikiandika. "Na wengine mliopo, kuna mwenye maelezo tofauti?"

Mkurugenzi Ngwatura akafungua mdomo. Akamtazama Bi Zawena, Bi Zawena akamtazama Afande, Afande akatazama dari. Ili mtu akane kitu, ni lazima kwanza akiri kwamba alikiona. Mdomo ukafungwa.

"Haya, lalamiko nimelifunga. Niwakumbushe tu kwamba mazungumzo haya yamerekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma."

"Yamerekodiwa wapi?" akauliza Mkurugenzi. Sauti ilikuwa imemtoka kabisa, akabaki na ya mtoto.

"Makao makuu, baba, ng'ambo."

"Na sisi tumo?"

"Wote mmo, hata kimya chenu. Nawatakia mchana mwema."

Simu ikakatika. Afande Chikomo akafunga faili, akalifungua, akalifunga. Sheria ya nchi ile iko wazi: aliyesikia neno baya juu ya Mlezi Mkuu asiporipoti naye amelisema. Na anayewahi kuripoti ndiye husamehewa, yeye peke yake. Kwa hiyo kila mmoja mle ndani alikuwa anahesabu hatua kutoka kiti chake hadi mlangoni, na kila mmoja alijua wenzake wanahesabu. Bi Zawena alisogeza kiti kidogo tu ili anyooshe mguu, wanaume watatu wakainuka kwa pamoja. Akarudisha kiti. Nao wakakaa.

Kwa habari za mwisho nilizozipata, ambazo sizithibitishi kwa kuwa mimi ni mtu wa nchi nyingine, bado wamo. Siku ya tisa sasa. Mlinzi haulizi, kwani kilicho nyuma ya mlango uliofungwa wa ghorofa ya nne hakiulizwi. Bi Tabu hupeleka chakula kila mchana kwenye bakuli kubwa la bati, wali na maharage ya watu wanne, humkabidhi mlinzi, mlinzi hulisukuma mlangoni. Jioni bakuli hurudi tupu, limekombwa, naye hulibeba nyumbani, huliosha, husema mume wangu mzima. Amekwishajiwekea hesabu yake. Siku bakuli litakaporudi na robo ya chakula ndani, fungu la mtu mmoja, hatauliza kitu, ataanza kulia palepale getini.